Protini ndogo mwilini na gharama ya dawa ya kwanza ya Ukimwi Eastlands

KATIKA mitaa ya Mashariki mwa Nairobi, kuanzia Mathare na Huruma hadi Dandora, Kayole na Umoja, wapo watu wa makamo ambao wamemeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya HIV kwa takriban miaka 20. Baadhi yao wana mashavu yaliyobonyea, mikono iliyopungukiwa na mafuta hadi mishipa ya damu ikatokeza, na nyayo ambazo huwaka moto usiku au zisizohisi chochote zinapokanyaga sakafu.

Jirani asiyejua hudhani kwamba hizo ni dalili za ugonjwa uliozidi nguvu dawa. Ni kweli kwamba virusi vyenyewe vinaweza kudhuru neva. Hata hivyo, kwa wengi walioanza matibabu katika miaka ya 2000, alama hizo ziliachwa na dawa iyo hiyo iliyowaokoa na kifo, nayo ni stavudini, iliyofahamika pia kwa kifupi cha d4T.

Ili kuelewa ni vipi dawa moja iliweza kuokoa mwili na papo hapo kuudhoofisha, sharti msomaji aingie ndani ya seli, mahali ambapo chakula hugeuzwa kuwa nguvu. Huko atakutana na protini ndogo mno ambazo watu wachache huzisikia zikitajwa, lakini zikikosekana, mwili mzima huyumba.

Bwawa ndani ya seli

Karibu kila seli ya mwili wa binadamu ina viungo vidogo viitwavyo mitokondria. Baadhi ya seli zina mamia ya viungo hivyo, na nyingine zina maelfu. Kazi yavyo kuu ni kuchukua mabaki ya ugali, maharagwe na mafuta tuliyokula, kuyaunguza polepole kwa kutumia oksijeni tunayovuta, na kutengeneza kemikali iitwayo ATP. Hiyo ATP ndiyo sarafu ya mwili. Misuli ikikunjika, moyo ukipiga au ubongo ukiwaza, malipo hufanywa kwa ATP. Mwili hauwezi kuiweka akiba kubwa, kwa hivyo huitengeneza na kuitumia mfululizo. Inakadiriwa kuwa kiasi kinachotengenezwa kwa siku moja hukaribia uzito wa mwili wenyewe.

Mkenya anayeyafahamu mabwawa ya Mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hatatatizika kuelewa jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Kwenye bwawa, maji huzuiliwa upande mmoja wa ukuta, kisha huachiliwa yapite katika njia nyembamba na kuzungusha mashine zinazozalisha umeme. Mitokondria nazo zina ukuta, ambao ni utando wa ndani. Badala ya maji, kinachorundikwa nyuma ya ukuta huo ni chembe za haidrojeni ziitwazo protoni.

Zinazozisukuma protoni hizo ni mashine tatu za protini zilizopachikwa kwenye utando. Mashine hizo hupata nguvu kutokana na elektroni zilizotolewa kwenye chakula, ambazo hupokezanwa kutoka mashine moja hadi nyingine. Protoni zikishajaa upande mmoja, hurejea kwa kasi kupitia mashine nyingine ambayo sehemu yake moja huzunguka kama gurudumu la bwawani. Kila mzunguko huzalisha ATP.

Wazo hilo lilitolewa mwaka 1961 na mwanasayansi wa Uingereza, Peter Mitchell. Mwanzoni lilipingwa vikali na wenzake, lakini mwaka 1978 lilimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mwaka 1997, Paul Boyer wa Marekani na John Walker wa Uingereza walishiriki tuzo iyo hiyo kwa kueleza jinsi mashine inayozunguka inavyounda ATP.

Wadogo wenye kazi kubwa

Protini zote hujengwa kwa vijenzi viitwavyo asidi amino, vilivyoungwa kimoja baada ya kingine mithili ya shanga katika uzi. Protini kubwa zina maelfu ya shanga hizo. Katika shughuli za mitokondria, hata hivyo, protini fupi zina nafasi isiyoweza kuzibwa na kubwa.

Mfano mmoja ni saitokromu c, yenye asidi amino 104 tu. Hiyo ni hamali. Jinsi mchukuzi wa Gikomba anavyobeba mzigo mmoja, akaushusha na kurudi kuchukua mwingine, ndivyo saitokromu c inavyochukua elektroni moja kutoka mashine ya tatu katika mnyororo huo na kuifikisha kwenye mashine ya nne. Hamali akigoma, soko zima husimama.

Mfano wa pili ni protini iitwayo ATP8. Urefu wake ni asidi amino 68 pekee. Ni sehemu ya mashine ile inayozunguka, na husaidia kuishikamanisha pale inapopenya utando. Yupo pia mwenzake aitwaye ND4L, mwenye asidi amino 98, aliye miongoni mwa vipande 45 vinavyounda mashine ya kwanza ya mnyororo. Mtu anaweza kuuliza, je, kipande kimoja kidogo kati ya 45 kina uzito gani? Jibu ni lile ambalo kila fundi wa Eastlands analijua: gari halitembei kwa sababu lina injini kubwa, iwapo boliti ya kushikia injini hiyo imekosekana.

Protini 13 zisizoagizwa nje

Kinachozitofautisha ATP8 na ND4L na saitokromu c ni mahali zinapotengenezwa. Zaidi ya protini 1,000 zinazotumika ndani ya mitokondria huundwa nje, kwa maagizo ya jeni zilizomo katika kiini cha seli, kisha huingizwa ndani. Saitokromu c ni mojawapo ya hizo za kuagizwa.

Lakini mitokondria zina DNA yake zenyewe, ambayo mtu hurithi kutoka kwa mama yake. Wanasayansi wa Cambridge, Uingereza, walichapisha mpangilio wake kamili mwaka 1981. Ni duara dogo lenye herufi 16,569 za kijenetiki na jeni 37. Katika hizo, 13 pekee hutoa maagizo ya kuunda protini, na zote 13 ni vipande vya mashine za kuzalisha nguvu: saba za mashine ya kwanza, moja ya mashine ya tatu, tatu za mashine ya nne na mbili za mashine inayozunguka. Jeni 24 zilizosalia hutoa vifaa vya kuzisoma na kuzijenga protini hizo 13.

Ukweli huo ndio kiini cha makala haya. Protini hizo 13, zikiwemo ATP8 na ND4L, hazina kiwanda kingine mwilini. DNA ya mitokondria ikipungua, hakuna pahali pengine pa kuagiza vipuri. Vipande vinavyoletwa kutoka nje vitafika kama kawaida, lakini mashine haitakamilika.

Dawa ya wakati wa dharura

Virusi vya HIV vilitambuliwa kuathiri watu nchini Kenya tangu 1984. Eastlands iliingia mapema katika historia ya utafiti wa ugonjwa huo, kwani kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, walifanya kazi na wanawake wa Majengo, Pumwani, na matokeo yao yakasomwa kote duniani. Mnamo Novemba 1999, Rais Daniel arap Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa.

Wakati huo dawa zilikuwepo, ila si kwa mkazi wa Korogocho au Kariobangi. Matibabu ya mtu mmoja kwa mwaka yaligharimu zaidi ya dola 10,000. Mambo yalibadilika mwaka 2001. Februari mwaka huo, kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuuza mseto wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF). Mwaka uo huo, Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua mlango wa kuingiza nchini dawa za bei nafuu licha ya hataza za kampuni kubwa.

Mseto wa Cipla ulioitwa Triomune uliunganisha stavudini, lamivudini na nevirapini katika tembe moja. Ulikuwa rahisi kumeza, haukuhitaji jokofu, na mgonjwa hakuhitaji kupimwa damu kila mara kama ilivyohitajika kwa zidovudini, ambayo inaweza kupunguza damu mwilini. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka stavudini miongoni mwa dawa za mstari wa kwanza kwa nchi maskini. Katika mitaa kama Mathare, ambako MSF ilikuwa na kliniki ya HIV na kifua kikuu iliyojulikana kama Blue House, mseto wa aina hiyo uliwainua vitandani watu ambao jamaa zao walikuwa wamekata tamaa.

Behewa lisilo na kiungio

Stavudini hufanya kazi kwa hila. HIV inapoingia katika seli, hutumia kimeng'enya chake kunakili maagizo yake katika lugha ya DNA. Kunakili huko ni kuunganisha herufi moja baada ya nyingine, mithili ya mabehewa ya garimoshi linaloelekea Makadara na Dandora. Stavudini inafanana na mojawapo ya herufi hizo, ile iitwayo T, lakini haina sehemu ya kushikia herufi inayofuata. Ni behewa lenye kiungio cha mbele bila cha nyuma. Likishaunganishwa, garimoshi haliwezi kurefuka tena, na virusi hushindwa kuzaana.

Vimeng'enya vinavyonakili DNA ya kiini cha seli zetu ni vikaguzi wazuri na kwa kawaida huikataa herufi hiyo bandia. Shida ipo kwa kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria, kiitwacho polimerezi gama. Hiki hudanganyika kwa urahisi zaidi. Hulipokea behewa bovu, na nakala ya DNA ya mitokondria hukatikia njiani.

Madhara hayaonekani wiki ya kwanza wala ya pili. Kwa kuwa kila seli ina nakala nyingi za DNA hiyo, upungufu huja kidogo kidogo. Baada ya miezi au miaka, nakala zilizobaki hazitoshi. ATP8, ND4L na wenzao 11 huundwa kwa uchache, mashine za nguvu hukosa vipande, protoni hazirundikwi ipasavyo, na bwawa hukauka.

Mbona nyayo na mashavu?

Swali ambalo wagonjwa wengi waliwauliza wahudumu ni hili: kwa nini dawa ianzie miguuni? Neva inayofikisha hisia kutoka kidole cha mguu ni seli moja yenye mkia mrefu, unaofikia takriban mita moja kwa mtu mzima. Mitokondria zinazohudumia ncha ya mkia huo husafirishwa kutoka karibu na uti wa mgongo. Nguvu inapopungua, ncha ya mbali ndiyo huumia kwanza, kama vile mtaa ulio mwisho wa bomba unavyokuwa wa kwanza kukosa maji. Hapo ndipo huja ganzi, kuchomwachomwa kama kwa sindano, na hisia ya moto nyayoni. Hali hiyo ilizidi kwa wagonjwa waliotibiwa kifua kikuu kwa wakati mmoja, maana dawa ya isoniazidi nayo inaweza kudhuru neva isipoandamana na vitamini B6.

Seli za mafuta pia huathirika. Mafuta ya usoni, mikononi, miguuni na makalioni huyeyuka taratibu. Katika mitaa ambako nyumba zimebanana na kila mtu anamfahamu mwenzake, mashavu yaliyobonyea yalikuwa kama tangazo. Mgonjwa aliyekuwa amepata nguvu za kurudi kazini alijikuta akitambulika kwa uso wake, na hofu hiyo ingeweza kumfanya mtu aiache dawa kimyakimya, hatua iliyowapa virusi nafasi ya kuwa sugu.

Dhara la tatu lilikuwa nadra, lakini hatari kuliko yote. Mitokondria zikishindwa kuunguza chakula kwa oksijeni, seli hurudi kwenye njia ya zamani isiyotumia oksijeni. Glukosi moja ambayo ingezalisha takriban ATP 30 huzalisha mbili tu, na mabaki yake huwa asidi ya laktiki. Mwanariadha hupatwa na hali hiyo kwa dakika chache anapomaliza mbio, kisha hupumzika ikaisha. Kwa mgonjwa aliyeathiriwa na stavudini, asidi iliendelea kupanda. Alipata kichefuchefu, maumivu ya tumbo, uchovu mkubwa na kupumua kwa kasi, na asipotibiwa haraka aliweza kufariki. Wanawake na watu wenye uzito mkubwa walikuwa katika hatari zaidi.

Onyo lililotangulia

Ulimwengu wa tiba haukukosa ishara. Mwaka 1993, katika Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, dawa ya majaribio ya homa ya ini aina ya B iitwayo fialuridini ilijaribiwa kwa wagonjwa 15. Saba kati yao waliharibikiwa na ini. Watano walifariki na wawili wakaokolewa kwa kupandikizwa ini jingine. Uchunguzi ulionyesha kwamba nayo ilikuwa herufi bandia iliyopokewa na polimerezi gama. Stavudini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1994, ilikuwa dawa tofauti na madhara yake yalikuja polepole zaidi, lakini njia ya madhara hayo ilishabihiana.

Je, ilikuwa kosa kuitumia Afrika? Aliyeiona Eastlands ya mwaka 2001 hawezi kujibu swali hilo kwa pupa. Chaguo la mgonjwa wa Mathare halikuwa kati ya stavudini na dawa bora zaidi. Lilikuwa kati ya stavudini na kaburi. Linalostahili kuulizwa ni kwa nini nchi tajiri ziliiacha dawa hiyo mapema kwa kuwa na mbadala, ilhali maskini waliendelea kuimeza kwa miaka kadhaa zaidi kwa kuwa ilikuwa rahisi kununua.

Mageuzi yalikuja kwa hatua. Mwaka 2006 WHO ilishauri nchi zianze kuiepuka. Mwaka 2007 ilipendekeza watu wazima wote wapewe kipimo cha miligramu 30 badala ya 40 waliyopewa wenye uzito wa zaidi ya kilo 60. Novemba 2009 ilizitaka nchi ziiondoe stavudini hatua kwa hatua kutokana na madhara yake ya kudumu. Kenya nayo iliiondoa katika miaka iliyofuata, na nafasi yake ikachukuliwa hasa na tenofoviri, ambayo polimerezi gama haiipokei kwa urahisi.

Tangu 2017 Kenya, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika, ilianza kutoa dolutegraviri, dawa inayozuia virusi kwa njia tofauti kabisa. Dawa hiyo haihusiki na kunakili DNA, bali huzuia nakala ya virusi isijipachike katika jeni za seli.

Wanachopaswa kujua waathiriwa

Kuna mambo ambayo aliyewahi kutumia stavudini anafaa kuyafahamu. Kwanza, DNA ya mitokondria inaweza kuongezeka tena dawa inapobadilishwa, na mafuta hurejea kiasi, ila polepole na mara nyingi si yote. Neva zilizokufa zinaweza zisipone kikamilifu. Mtu mwenye alama hizo leo, basi, haonyeshi kwamba dawa anayotumia sasa imeshindwa.

Pili, ganzi ya miguu isihusishwe na dawa ya zamani bila uchunguzi. Kisukari, unywaji wa pombe kupindukia na upungufu wa vitamini za kundi B huleta dalili zile zile, na zote zina njia za kudhibitiwa. Mwenye dalili hizo amweleze mhudumu wa kliniki, na asiyehisi nyayo zake azikague kila siku asije akapata kidonda bila kujua.

Tatu, na hili ni kwa vijana, kumbukumbu za nyuso zilizobonyea zisimwogopeshe yeyote kupimwa wala kuanza matibabu. Dawa za leo si zile za 2003. Anayezimeza inavyotakiwa hadi virusi visionekane katika vipimo vya damu huishi maisha marefu na hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono.

Sayansi nayo haijafunga kitabu. Mwaka 2001 watafiti walieleza protini nyingine ndogo iitwayo humanini, yenye asidi amino 24 tu, na mwaka 2015 wengine wakaeleza MOTS-c yenye 16. Maagizo ya zote mbili yalipatikana katika DNA ya mitokondria, ndani ya jeni ambazo hazikudhaniwa kuunda protini yoyote. Majaribio ya maabara yanaashiria kwamba huchangia kulinda seli na kuongoza matumizi ya sukari, ingawa bado hazijawa tiba ya ugonjwa wowote.

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Kwa maelfu ya watu waliookolewa na stavudini, methali hiyo ilitimia karibu neno kwa neno: vipande vidogo kuliko vyote ndani ya seli vilipopungua, miguu ndiyo iliyolia kwanza. Siku hizi dawa mpya za jamii hiyo huchunguzwa maabarani iwapo zinaihadaa polimerezi gama kabla ya kumfikia mgonjwa. Kinga hiyo ilinunuliwa kwa maumivu ya watu wengi, na sehemu ya malipo hayo ilitoka Eastlands.